Mayai yanataka mtu mzito

Mwuza mayai alinipima kwa macho kuanzia viatu mpaka kipara, kisha akamgeukia dereva wa bajaji. "Huyu anatosha," akasema. Kwangu akaongeza, "Panda kaka, leo hulipi. Ila kaa katikati, na usiegemee trei zangu."

Ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi huko Salasala, upande wa vumbi, nami nilikuwa nangoja usafiri wa kushuka hadi Barabara ya Bagamoyo, nivuke, niende zangu Kunduchi Mtongani. Yule mama alikuwa na trei 20, amezifunga kwa kamba tano tano. Mafungu mawili yalikaa sakafuni, pale abiria wanapoweka miguu, na mawili juu ya kiti. Mimi nina kilo 98. Nimeshaambiwa mengi kuhusu kilo hizo, na daktari na hata fundi cherehani, lakini hakuna aliyewahi kunipa lifti kwa sababu yake.

"Bajaji ikiwa tupu mayai yanapasuka," alinieleza tulipoanza kuteremka. "Ikiwa na watu yanafika."

Dereva akadakia bila kugeuza shingo: "Tupu inaruka kama mbuzi, anko."

Hesabu yake niliipiga baadaye, nyuma ya bahasha. Trei moja ni mayai 30, kwa hiyo trei 20 ni mayai 600. Yai la kawaida lina gramu 60 hivi. Mzigo wote wa mama yule, uliojaza nusu ya bajaji na kutufanya tukunje magoti mpaka kidevuni, ulikuwa kilo 36. Hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuuzidi. Bajaji yenyewe ina kilo kama 350. Mweke dereva wa kilo 70, unapata 420. Pakia abiria watatu wa uzito huohuo, unafika 630. Yaani chombo kimeongezeka nusu ya uzito wake kwa watu watatu tu kupanda. Wachukue watu haohao uwaingize kwenye Land Cruiser ya tani mbili na nusu: wanaongeza chini ya sehemu moja ya kumi, na gari halina habari kwamba kuna mtu amepanda.

Hapo ndipo penye shida ya kila chombo chepesi, na ndipo mama wa mayai alipofika kwa uzoefu kabla ya kitabu.

Watu wengi hudhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Inayobeba ni springi. Shimo likiisukuma springi juu, springi nayo inasukuma chini, inarudisha yote iliyopewa, tena na tena, na ikiachwa peke yake gari litanesanesa mpaka kituo kinachofuata. Kazi ya shokapu ni kuula ule mrudio. Ndani yake kuna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Pistoni ikitembea, mafuta yanalazimishwa kupenya kwenye vitundu, na nguvu ya kuruka inageuka joto. Ukitaka kuamini, mwombe dereva aliyetoka kwenye rafu rodi akuruhusu uiguse shokapu yake. Utaondoa mkono haraka.

Sasa vitundu vile vimetobolewa kiwandani mara moja, kwa ukubwa mmoja. Mtengenezaji wa bajaji anajua chombo chake kitapakiwa, na kwetu kitapakiwa kupita maandishi yaliyo ubavuni, kwa hiyo springi na shokapu anazipanga zihimili mzigo. Siku ikitembea tupu, ugumu ule ni mwingi mno. Ni sawa na kumpa mtoto dozi ya mtu mzima. Gurudumu likipanda jiwe, mwili mwepesi ulio juu yake hauna uzito wa kukataa kurushwa. Unafuata jiwe, na mayai yanafuata mwili. Abiria wakijaa, mwili unakuwa mzito, unakaa, springi inalazimika kujikunja kama ilivyokusudiwa. Kilo zangu 98 zilikuwa zinafanya kazi ambayo kifaa hakikuweza: kurekebisha bajaji ilingane na barabara ya asubuhi ile.

Na barabara ile ina mbavu. Wanaoishi upande huo wanazijua, vile vituta vidogo vilivyojipanga kukata njia kama mgongo wa samaki, ambavyo greda likivisawazisha leo, vinakuwa vimerudi kabla hujazoea raha. Tuseme kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ni sentimita 80, nawe unakwenda kilomita 36 kwa saa, ambazo ni mita 10 kwa sekunde. Gurudumu linapigwa mara 12 na nusu kila sekunde. Bahati mbaya, gurudumu la gari, likiwa limebanwa kati ya hewa ya tairi chini na springi juu, lina mdundo wake lenyewe wa asili, na mdundo huo kwa magari mengi ni kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Barabara inapiga, gurudumu linaitikia. Kama bembea inayosukumwa kila inaporudi, kila pigo linakuta gurudumu liko tayari kupanda, na kidogo kidogo kinakuwa kikubwa, mpaka dashibodi, milango na meno ya abiria vinaimba pamoja.

Wengi tumezoea kuzilaumu springi mbovu kwa kuichimba barabara mbavu hizo. Kumbe hata gurudumu lisilo na springi huzichora. Mwaka 2007 wanafizikia wa Kanada, Ufaransa na Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio moja la kufurahisha: walilizungusha gurudumu juu ya kitanda cha mchanga, likazunguka na kuzunguka, na mchanga uliokuwa tambarare ukaota mbavu wenyewe. Walichogundua pia ni kwamba chini ya mwendo fulani mbavu hazioti kabisa. Tatizo ni kwamba mwendo huo, kwa gari, ni wa mtu anayetembea kwa haraka, na hakuna abiria wa Salasala atakayekubali kulipa nauli kwa mwendo wa miguu.

Dereva wetu alikuwa na dawa yake. Hakupita katikati. Aliufuata ukingo wa mtaro, pale magurudumu ya wenzake hayajafika, bajaji imeinama kidogo upande wangu, na kila tuta aliliendea kwa mshazari ili magurudumu ya nyuma yasipigwe kwa pamoja. Asubuhi hiyo alikuwa pia amepunguza upepo kwenye tairi za nyuma, kwa sababu tairi nalo ni springi, na likilegea linameza kokoto ndogo kabla hazijafika kwenye chuma. Hilo la upepo nisingelipendekeza kwa mwendo wa lami. Tairi legevu hupata joto na kuchakaa kwa kasi. Alilijua. Tulipofika barabara kuu alisimama kwenye kibanda cha pancha akajaza.

Wafaransa waliwahi kuvunja vichwa juu ya mayai hayahaya. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mmoja wa wakuu wa kampuni ya Citroën, Pierre-Jules Boulanger, aliwaagiza wahandisi wake watengeneze gari jepesi, la bei nafuu, la mkulima, litakaloweza kukatiza shamba lililolimwa likiwa na kapu la mayai bila kupasua hata moja. Gari hilo, 2CV, lilionyeshwa Paris mwaka 1948 likiwa na uzito wa karibu kilo 500, likachekwa kwa sura yake, kisha likatengenezwa hadi 1990. Springi zake zilikuwa laini kupita kiasi na za mbele zimeunganishwa na za nyuma, ili gurudumu la mbele likipanda, la nyuma lipate taarifa. Lakini kilichonivutia mimi ni chupa. Kwenye kila gurudumu walifunga chupa ya chuma iliyosimama wima, ndani yake mna kipande kizito cha chuma kinachoelea juu ya springi. Springi hiyo imepimwa ili chuma kicheze kwa mdundo uleule wa gurudumu. Gurudumu likianza kuhangaika kwenye mbavu za barabara, chuma kinachukua lile hangaiko na kucheza badala yake, kinyume chake, mpaka gurudumu linatulia. Mtumwa wa kucheza, ndivyo ninavyomwita. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mjerumani Hermann Frahm alilisajili kama hataza tangu 1909, na miaka mingi baadaye, 2005, timu ya Renault ilificha chuma cha namna hiyo puani mwa magari yake ya mashindano ya Formula 1 mpaka kikapigwa marufuku mwaka uliofuata.

Mtumwa huyo, hata hivyo, anajua mdundo mmoja tu. Ukibadilisha uzito, mdundo unabadilika, naye anabaki anacheza ngoma iliyokwisha. Ndiyo maana wahandisi wakaanza kutafuta kifaa kinachojibadilisha chenyewe, na ndiyo maana hadithi hii inahusu bajaji kuliko inavyohusu magari makubwa.

Mwaka 1974 Dean Karnopp na wenzake huko Marekani walikuja na fikra ambayo ukiisikia mara ya kwanza unacheka. Shokapu, walisema, imefungwa mahali pasipofaa. Upande mmoja iko kwenye mwili wa gari, upande wa pili iko kwenye gurudumu, kwa hiyo inapozuia mwili usiruke inapitisha pia mapigo ya gurudumu. Ingefungwa angani ingekuwa bora: mwili ungening'inia umetulia kama chandarua, na magurudumu yahangaike huko chini yanavyotaka. Kwa kuwa angani hakuna ndoano, waliunda kanuni ya kuiigiza: kifaa kiangalie kila mara mwili unaelekea wapi na gurudumu linaelekea wapi; pale shokapu inapoweza kuutuliza mwili, iwe ngumu; pale itakapousukuma zaidi, ilegee. Ubadilike ugumu wake mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Kinachobadilika ni nini? Njia ya kwanza ni vitundu. Toyota waliingiza mwaka 1983, kwenye gari lao la Soarer, shokapu ambazo mota ndogo huzungusha vali ndani yake na kupanua au kufinya njia ya mafuta. Njia ya pili ni mafuta yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Jacob Rabinow, mvumbuzi wa Kimarekani, alichanganya mafuta na unga laini wa chuma. Akipitisha sumaku, chembe za chuma zinajipanga minyororo na uji unakuwa ugali, akiikata sumaku ugali unarudi kuwa uji, papo hapo. Ulimwengu wa magari ulichukua nusu karne kuiamini. Mwaka 2002 Cadillac Seville ilitoka ikiwa na shokapu za mafuta hayo, zinazosoma barabara na kujibu hadi mara 1,000 kwa sekunde.

Huenda unasoma ukidhani mambo haya yako mbali na Mtongani. Yalishafika, kwa meli, bandarini Dar es Salaam, ndani ya magari yaliyotumika Japani. Nenda gereji yoyote ya Tegeta ukae kwenye benchi nusu siku. Nilikaa moja, nikaona gari lililokuwa na shokapu za kujirekebisha likitolewa shokapu hizo, zimelia mafuta, na mahali pake zinawekwa za kawaida kutoka Gerezani. Waya zilizokuwa zinaleta umeme zilifungwa kwa utepe mweusi na kusokomezwa pembeni. Taa ya njano kwenye dashibodi ilitolewa glopu. Kitufe cha kuchagua safari laini au ngumu kipo bado, na mwenye gari anaendelea kuwabonyezea wageni wake.

Simlaumu fundi. Shokapu mpya ya aina ile ni ghali sana, na anayeiuza hana hakika kama ataipata tena. Ila kuna kisa kimoja hapohapo kilinifundisha zaidi ya Cadillac. Subaru Forester, yale ya 2003 mpaka 2008 ambayo vijana wetu wanayapenda, mengi yalikuja na shokapu za nyuma zinazojinyanyua. Hazina waya, hazina mota, hazina kompyuta. Ndani yake mna pampu ndogo inayoendeshwa na kuruka kwa gari lenyewe: ukipakia mizigo buti likazama, mwendo mfupi wa matuta unapiga mafuta ndani mpaka gari linarudi kimo chake. Barabara mbovu ndiyo inayoichaji. Nazo hufa, nazo hutolewa, lakini wazo la kifaa kinachopima mzigo wake chenyewe kwa kutumia tabu ya barabara ni wazo lililotafuta nchi ya kuzaliwa likakosea njia. Lingezaliwa Kunduchi.

Mimi naona chombo kinachohitaji kifaa kama hicho kuliko vyote ni kile kinachobadilika uzito kwa nusu kila kituo, na ndicho kisichofikiriwa. Ufundi umefuata pesa: umeanza na magari ya tani mbili yenye viti vya ngozi, ambayo yangeweza kupita Salasala hata bila ufundi huo. Kwa bajaji pampu ya kujinyanyua, au hata vali ya kawaida inayofunguka pale pigo linapokuwa la haraka na kubaki imefinya pale mwili unaponesa polepole, isingehitaji betri wala kompyuta. Mwanafunzi wa uhandisi Mlimani, au wa Chuo cha Usafirishaji pale Mabibo, anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho, anaupita kila siku akienda darasani.

Siyo matuta peke yake yanayoitikisa bajaji. Tukiwa tumesimama kuvuka Barabara ya Bagamoyo, kwenye msongamano wa ujenzi wa njia za mwendokasi, nilikitazama kioo cha pembeni. Bajaji imesimama, injini inanguruma polepole, na ndani ya kioo lori lililokuwa nyuma yetu lilikuwa malori matatu. Injini yenye silinda moja haina mwenzake wa kuituliza. Kila mlipuko unausukuma mwili mzima, na mwendo ule wa kusubiri ndio mbaya kuliko wote. Dereva alipovuta mafuta kidogo, malori matatu yakarudi kuwa moja. Kati ya injini na bodi kuna mipira, mauntingi, ambayo ikiwa mizima inameza sehemu kubwa ya mtetemo huo. Ikikauka na kupasuka, bodi ndiyo inayolipa: skrubu zinalegea, bati la kuzuia matope linachanika kwenye kona, waya wa taa unakatika ndani ya ganda lake na fundi anautafuta siku nzima. Kwenye pikipiki zipo zile gololi nzito mwishoni mwa usukani, ambazo vijana huzing'oa wakidhani ni mapambo. Kazi yake ni kutuliza mtetemo wa usukani, zimewekwa pale vidole visife ganzi. Bajaji za umeme zitamaliza mtetemo wa injini. Wa barabara utabaki, na betri nzito nyuma itadai hesabu mpya ya springi.

Mwili wa binadamu nao una springi zake. Ukiwa umeketi, uti wa mgongo na tumbo huitikia zaidi mitetemo ya wima ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Ndiyo maana kuna barabara inayokuchafua tumbo na nyingine, mbovu zaidi kwa macho, haikufanyi kitu. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2002 inayomtaka mwajiri atathmini, na ikibidi apime, mtetemo anaoupata mfanyakazi kwenye kiti kwa zamu ya saa nane, na ukipita kiwango achukue hatua. Dereva wa bajaji hana wa kumpimia. Anayehisi mtetemo ni yeye, anayenunua spea ni tajiri mwenye bajaji, na anayelipa nauli ni abiria wa dakika 15. Shokapu ikifa, tajiri anauliza kama chombo kinatembea. Kinatembea. Hesabu ya jioni inaletwa. Shokapu inangoja.

Nilimuuliza dereva mgongo wake ukoje. Akakigonga kiuno chake kwa ngumi mara mbili, hapa na hapa, kama anayenionyesha mahali pa kubandika stempu, halafu akaingia barabara ya Mtongani.

Dukani mama alifungua kamba, akalipitisha yai moja moja mbele ya mwanga wa mlango. Yaliyopasuka yalikuwa mawili, yote kwenye trei ya juu kabisa ya fungu lililokuwa upande wa mlango. Yaliyokuwa sakafuni na yale niliyokuwa nimeyabana kwa bega yalikuwa mazima. Aliyatenga mawili kwenye bakuli kwa ajili ya chipsi mayai ya jirani, akanawa mikono.

"Alhamisi unakuwepo?" akaniuliza.